Paswadi Iko Ukutani, Till Iko Mezani: Nani Yuko Ndani ya Mtandao Wako?

Hebu fikiria uko hotelini hapo Githongo saa nne asubuhi. Wakulima wametoka kupeleka majani chai, watu wa ndizi wamemaliza kupakia, na kila mtu anataka chai ya moto na chapati. Ukutani kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni namba ya till. Ya pili ni paswadi ya Wi-Fi, imeandikwa kwa kalamu nene ili hata aliyeketi kona ya mwisho aisome.

Mwenye hoteli amefanya hivyo kwa roho safi. Lakini mara nyingi Wi-Fi hiyo ya wageni ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na kompyuta ya hesabu, kamera za ukutani na simu ya kupokea malipo.

Si ati anayekunywa chai ataiona PIN yako. Miamala ya simu husafiri ikiwa imefungwa kwa siri. Hatari iko kwingine: kompyuta yenye orodha ya wateja na madeni, kamera ambayo paswadi yake ya kiwandani haijawahi kubadilishwa, na simu ya mgeni iliyojaa virusi bila mwenyewe kujua. Zote ziko chumba kimoja, na hakuna aliyeulizwa yeye ni nani.

Maoni yetu ni haya: kuwa ndani ya mtandao kusiwe ruhusa ya kufika kila mahali. Kila mtu na kila chombo kijitambulishe, kisha kipewe njia ya kazi yake tu. Hilo tunalidai kwa hoteli, kwa sacco, kwa hospitali, na kwetu sisi wenyewe.

Swichi inayouliza na swichi isiyouliza

Swichi tunayosema si ya stima. Ni kale kasanduku kenye matundu ya waya na taa ndogo za kijani, ambako waya zote za ofisi hukutana. Sacco inayo, kiwanda cha chai kinayo, supamaketi inayo. Pesa zako zikitoka kwenye simu kwenda akaunti ya sacco, kuna mahali zinarekodiwa kwenye kompyuta iliyochomekwa kwenye kasanduku kama hako.

Swichi ya bei rahisi haiulizi swali. Chomeka waya, uko ndani. Swichi ya kiofisi inaweza kupangwa iulize kwanza. Utaratibu huo unaitwa 802.1X na umekuwepo tangu 2001. Ukichomeka kompyuta, tundu linabaki limefungwa. Swichi inataka ujitambulishe, inapeleka jibu lako kwa seva yenye orodha ya wafanyakazi na vyombo, na seva ikikubali ndipo tundu linafunguka.

Hata likifunguka, halifunguki ovyo. Keshia anaingizwa kwenye chumba cha makeshia, kamera kwenye chumba cha kamera, mgeni kwenye chumba chenye intaneti tu. Vyumba hivyo mafundi huviita VLAN. Swichi ni ile ile, lakini aliye chumba kimoja hafiki kingine mpaka awekewe mlango kwa makusudi, na mlango huo uwe na masharti yake.

Kuna shimo moja ambalo fundi mvivu hulinyamazia. Printa na kamera nyingi za zamani haziwezi kujitambulisha, kwa hivyo huandikishwa kwa namba ya kifaa, ile inayoitwa MAC. Namba hiyo inaweza kuigwa. Chombo kilichoingia kwa njia hiyo kipewe chumba chembamba kabisa: printa ichapishe, basi.

Swichi ya dola 10

Utasema hayo ni mambo ya kampuni kubwa. Sawa, tuangalie kubwa. Februari 2016, wezi waliingia kwenye mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo bandia ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake kule New York. Mengi yalizuiwa, moja likishtukiwa kwa sababu ya kosa la tahajia. Lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino.

Aprili mwaka huo mchunguzi wa polisi aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki haikuwa na ukuta wa kukinga mtandao, na kompyuta zake ziliunganishwa kwa swichi kuukuu za dola 10, yaani kama shilingi 1,000 za wakati huo. Chumba cha kutuma malipo ya kimataifa hakikuwa kimetengwa na mtandao mwingine wa benki. Na kuna jambo la pili: swichi hizo ziliwapa wachunguzi shida ya kujua wezi walifanya nini hasa. Pesa imeenda, na alama za miguu hazionekani.

Hilo la pili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu linafika mpaka kwenye kibanda cha wakala.

"Lakini sisi tunaaminiana"

Jibu hili tunalisikia kila mara. Duka lina wasaidizi watatu, wote wanatumia simu moja, PIN moja, paswadi moja ya kompyuta. Ni watoto wa nyumbani, kwa nini uwatenge?

Sasa tuseme jioni hesabu inapungua shilingi 6,000. Rekodi inasema "duka" limetoa pesa. Duka ni nani? Wote watatu wanashukiwa, na mara nyingi anayefukuzwa ni yule mgeni wa juzi, awe na hatia au asiwe nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli, lakini kama nguo ni moja kwa watu watatu utajuaje kimetoka wapi?

Ndiyo maana hatukubali kwamba kumpa kila mtu kitambulisho chake ni kukosa kumwamini. Ni kumlinda. Msaidizi mwaminifu ndiye anayehitaji zaidi rekodi yenye jina lake, ili siku pesa ikipotea aweze kusema: angalia, mimi sikugusa.

Unaweza kuanza leo

- Fungua mtandao wa wageni kwenye ruta yako. Ruta nyingi za sasa zinao bila malipo ya ziada. Paswadi ya ukutani iwe ya huo tu.
- Mpe kila msaidizi akaunti na PIN yake pale mfumo wako unaporuhusu. Akiacha kazi, funga yake siku hiyo hiyo.
- Badilisha paswadi ya kiwandani kwenye kamera na ruta.
- Simu ya malipo isiwe ya watoto kuchezea gemu.
- Ukiweka swichi kwa ofisi kubwa, muulize fundi maswali mawili: nikichomeka kompyuta ngeni hapa itafika wapi? Na kesho nitajuaje nani alichomeka? Akijikuna kichwa, tafuta mwingine.

Na sisi je?

Haitakuwa haki kumhubiria mwenye hoteli na kujisahau. Oktoba 2020 nchini Uganda, MTN, Airtel na benki ya Stanbic walitangaza kwa pamoja kwamba tukio kwenye mfumo wa kampuni ya tatu limeathiri miamala ya benki kwenda kwenye simu. Somo kwetu ni kwamba hata mshirika tunayemjua ni mgeni akiwa kwenye mtandao wetu: aingie kwa jina lake, afike anapotakiwa, asivuke hapo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayehifadhi taarifa zako achukue hatua za kuzilinda. Kwa hivyo usione haya kuuliza, iwe ni kwetu, kwa sacco yako au hospitalini. Uliza nani anaweza kufungua taarifa zako, na kama jina lake linabaki kwenye rekodi. Anayetunza pesa ya mkulima wa Githongo anapaswa kuwa na jibu kabla chai yako haijapoa.