Hoteli Ni Yetu, Jina Je?

Wale mliokuwa mnaniuliza ile safari yetu ya Kibakwe iliishia wapi, leo ndiyo leo. Nilinyamaza kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na kesi, na kesi ikiwa bado iko chumbani huwezi kuileta gazetini. Sasa imekwisha. Kwa kiasi chake.

Chanzo cha kesi ni hoteli. Msije mkafikiria lifti na kapeti jekundu. Nasema hoteli kama tunavyosema mtaani, pale unapopata chai na chapati asubuhi, na mchana ugali na mlenda au wali maharage. Hii iko Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, nyumbani kwao mume wangu. Ukitoka Mpwapwa mjini unapita Gulwe pale kwenye reli, halafu unaendelea na vumbi mpaka useme basi, yatosha. Vyumba viwili, bati la zamani, jiko la kuni nyuma, na mabenchi ambayo watu wameyang'arisha kwa kuyakalia tangu mwaka 1979.

Mwenye hoteli ni mama wa miaka sabini na kidogo. Magoti yamemchosha, watoto wake wanamtaka aende kupumzika kwao Morogoro, akasema anauza. Habari zikamfikia wifi yangu, wifi akampigia kaka yake, na kaka yake akanipigia mimi nikiwa katikati ya kikao cha ofisi. Usiku tukapiga hesabu. Akiba yetu ya miaka minne, ile tuliyokuwa tukiiita "ya kiwanja," tukaitoa. Wifi angeendesha, maana mkono wake wa kupika haubishaniwi, na sisi tunaoishi Dodoma mjini tungeshuka mwisho wa wiki kuangalia daftari.

Mpaka hapo raha tupu. Tuligombana kwenye jina.

Maana Kibakwe nzima, muulize konda, mwalimu au muuza karanga, hoteli ile inaitwa Kwa Mjane. "Tukutane Kwa Mjane." "Mzigo wangu uache Kwa Mjane." Juu ya mlango ubao upo, ila jua na mvua vimeula, zimebaki herufi tatu na kila niliyemuuliza alisema hakumbuki ziliandika nini.

Mimi jina nililipenda siku ya kwanza. Lina historia, nikasema. Huwezi kulinunua dukani. Nikaanza hata kuona kichwani picha za kuweka ukutani, na wafanyakazi wanaosafiri kutoka Dodoma wakisimama kula kwa sababu tu ya jina. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, hebu fikiria. Hoteli ni yangu na yako. Watu wanasema wanakwenda kula Kwa Mjane. Mjane ni nani hapo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi ni mzima, nakula, nafanya kazi. Unaniandikia tanzia ubaoni?"

Yeye alikuwa na lake tayari. Silabi ya kwanza ya mtoto wetu wa kwanza, silabi ya mwisho ya wa pili, na mbele yake neno "New". Nikamwambia hilo jina linafanana na dawa ya kikohozi. Hapo, wapenzi, ndipo nilipokosea. Mwanaume akikuletea majina ya watoto wake halafu ukayafananisha na dawa ya kikohozi, usitegemee chakula cha jioni chenye maongezi. Tukalala mzungu wa nne, na hatukuwa na sababu ya joto.

Wiki mbili nzima tukawa tunabishana kwa mifano, kama mawakili. Mimi nikaleta Kilimanjaro ya Dar es Salaam. Ile hoteli ilifunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari. Miaka ya 2000 wakaingia Kempinski kuiendesha, baadaye wakaja Hyatt. Kampuni kubwa za dunia, zina majina yao yanayoleta wageni, lakini zote mbili ziliona heri kuliacha neno Kilimanjaro lisomeke kwenye jina. Na dereva teksi wa siku nyingi ukimwambia nipeleke Kilimanjaro hakuulizi ya nani.

Mume wangu akajibu kwa New Africa. Zama za Wajerumani mahali pale palikuwa na hoteli inayoitwa Kaiserhof. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, na jina likaondoka pamoja na Kaiser mwenyewe. "Leo nani anailia Kaiserhof?" Akaongeza na Africa House ya Unguja, iliyokuwa English Club, klabu ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mlitaka waendelee kuiita klabu ya nani? Nikakubali hoja hiyo ina uzito. Kuna majina ambayo kuyabeba ni kumbeba mtu aliyekuwa anakufungia mlango.

Ila kwenye "New" sikukubali. Hapa Dodoma tunayo New Dodoma Hotel, ile karibu na stesheni, ambayo zamani ilikuwa Hoteli ya Reli. Dar wanayo New Africa. Nairobi walikuwa na New Stanley, hoteli iliyoanza mwaka 1902, na mwisho wa yote ile "New" ikaondolewa, ikabaki Stanley. Nikamuuliza mume wangu: upya wa hoteli yenye bati la 1979 unaisha lini? Akazima taa.

Na kumbukeni, mabishano hayo yote ni ya ubao. Midomo ya watu ina ofisi yake ya usajili. Remmy Ongala alifariki Desemba 2010, na mpaka kesho ukipanda daladala ya Sinza utasikia watu wanashuka Kwa Remmy. Kuna abiria wadogo hawajawahi kusikia hata wimbo wake mmoja, lakini nauli wanalipa mpaka Kwa Remmy. Kule Temeke ipo Kwa Aziz Ally, na konda hana muda wa kukueleza Aziz Ally alikuwa nani.

Tungeendelea hivyo mpaka Krismasi kama si fomu. Yule mama miaka yote alifanya biashara kwa jina lake mwenyewe, na sheria ya majina ya biashara haikulazimishi kusajili kama unatumia majina yako halisi. Sisi tulitaka jina la hoteli, la watu wawili, kwa hiyo lazima BRELA, na siku hizi ni kwa mtandao. Tukakaa wote wawili mbele ya kompyuta. Ile nafasi ya jina ikawa wazi, kialama kinawaka kinazima, kinawaka kinazima. Hakuna aliyegusa kibodi. Nikasema, Jumamosi twende tukamuulize mwenyewe. Kusema kweli nilikwenda nikiwa na uhakika atanipa mimi ushindi.

Tulimkuta uani anachambua karanga kwenye ungo. Tukamwamkia, akaitikia, akatusogezea vigoda. Wifi akaleta chai. Mume wangu akaanza kuzunguka maneno, mara mvua, mara barabara, mpaka nikaingilia.

"Mama, tunataka jina la hoteli libaki hili hili, Kwa Mjane. Ni heshima kwako."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Nani aliwaambia nalipenda?"

Nikakosa la kusema, mimi ninayelipwa kwa maneno.

Akatueleza bila haraka. Mume wake alifariki mwaka 1978, yeye ana miaka ishirini na minne na watoto wawili. Mwaka uliofuata akaanza kupika uji na maandazi chini ya mti, pale malori ya karanga yalipokuwa yanapakia. Madereva hawakumjua jina, wakawa wanaambiana, twende kwa yule mjane. Alikuwa anahitaji hela yao, akanyamaza. Mti ukawa kibanda, kibanda kikawa vyumba viwili, jina likahamia naye. Kuna fundi ujenzi mmoja aliwahi kuja na nia ya kumuoa, mtu mzuri, mpole. Wenzake wakamcheka: unakwenda kuoa Kwa Mjane, utalipa mahari au utalipa supu? Akaacha kuja.

"Miaka arobaini na kitu," akasema, "kila mtu akitaka chai ananikumbusha kifo cha mume wangu. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja. Ninyi ndio wa kwanza."

Wapenzi, nilitazama kikombe changu. Zile picha za ukutani nilizokuwa nazo kichwani, ile "historia" yangu ya kuvutia wageni kutoka Dodoma, yote ilikuwa msiba wa mtu. Mume wangu angeweza kunitazama kwa lile jicho la "si nilikuambia". Hakunitazama. Alikuwa anaangalia juu ya mlango.

"Mama," akauliza, "ule ubao uliandikwa nini?"

Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza. Ubao aliuandikisha mwaka 1983, kwa hela yake ya kwanza iliyobaki baada ya ada na unga. Ulikuwa na jina lake. Lile alilopewa na baba yake, la Kigogo, neno moja. Aliutundika akijua sasa wataliona, watalitumia. Watu wakaingia chini ya jina hilo, wakala, wakatoka wakisema chakula cha Kwa Mjane leo kilikuwa kitamu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ameruhusu ubaoni, gazetini hajaruhusu.

Mume wangu ndiye aliyesema tuliandike upya. Si mimi, na naomba hilo lisomeke. Mwanaume aliyenisusia wiki mbili kwa ajili ya majina ya wanawe aliyaacha pale pale juu ya kigoda. Yule mama akabisha kidogo, akasema hoteli si yake tena, tumelipa, kwa nini tubebe jina la mtu mwingine. Halafu akanyamaza, halafu akatoa sharti: mbele ya jina pasiwekwe Mama wala Bibi. Jina tu, kama alivyoitwa kabla hajawa mke wa mtu wala mjane wa mtu.

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na birika mkononi, akakohoa. "Na mimi nitakayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, mmeniuliza?" Kweli hatukumuuliza! Tukamuuliza. Akasema yeye jina lolote sawa, anachotaka ni jiko la mkaa la kuongezea na msichana wa kumsaidia siku za mnada. Amepata vyote viwili, na bado ananidai samahani.

Ninyi mnaopanga kununua biashara ya mtu, hasa mnaonunua wawili kwa akiba moja, jambo hili liingizeni kwenye maandishi mapema. Sisi mkataba wetu wa kwanza ulitaja sufuria, mabenchi, mapipa ya maji, mpaka daftari la wanaodaiwa chai. Jina halikutajwa popote. Ikabidi turudi kwa mtendaji wa kijiji na karatasi ya pili: kwamba mwenye jina ameridhia litumike, kwa hoteli hiyo tu, na siku akisema liondolewe, litaondolewa. Mtendaji aligonga mhuri huku anashangaa. Kwa uzoefu wake watu huja kugombania mipaka ya mashamba.

Ubao mpya umetundikwa wiki tatu zilizopita, maandishi mekundu juu ya cheupe. Siku hiyo tulikwenda kwa basi. Tulipokaribia, konda akapiga bodi la gari: "Wa Kwa Mjane, sogeeni mlangoni!" Mume wangu akawa wa kwanza kunyanyuka na begi. Nikamtazama. Akasema, "Sasa unataka nipitilize?"

Yule mama alishahamia Morogoro. Wifi akampigia picha ubao, akaituma kwenye simu ya mjukuu. Jioni simu ikalia, tukadhani atalia au atashukuru. Akasema herufi ya mwisho imepinda. Tukatoka nje wote watatu kuangalia, na ni kweli imepinda. Fundi wa mabango ameahidi kurudi Jumanne na ngazi.