Mzigo wa Idi ukifika baada ya Idi, hasara ni ya nani?

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei: ya mchele, ya sukari, ya mabati, ya dola. Leo tunaomba wasomaji watuvumilie tuzungumzie kitu ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ya bei za soko, lakini kila mfanyabiashara wa mikoani anakilipia. Kitu hicho ni siku ambazo mali yake inalala njiani.

Chukua mfano wa mama muuza nguo wa Mtwara. Kumi la kati la Ramadhani likielekea kwisha anakuja Dar es Salaam, anazunguka Kariakoo siku mbili, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, na kununua magauni ya watoto, kanzu, mabaibui na viatu, jumla Sh. 3,000,000. Mzigo anaukabidhi kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, analipa Sh. 40,000, anaambiwa "keshokutwa utaupata", naye anapanda basi kurudi kwake. Keshokutwa inapita. Siku ya nne anapiga simu, anajibiwa kwamba mzigo uko njiani. Siku ya saba anaambiwa aulize ofisi ya Mtwara. Ofisi ya Mtwara inamwambia aulize Dar es Salaam. Mwezi unaandama, watu wanaswali Idi, na mzigo unaingia siku ya tatu baada ya sikukuu, ukiwa umefungwa vizuri kabisa, hakuna hata kifungo kilichopotea.

Akilalamika, karani atamuuliza: "Mama, kwani umepungukiwa nini?" Kwa hesabu ya karani hajapungukiwa na kitu. Lakini gauni la mtoto lililokuwa liuzwe Sh. 25,000 usiku wa kuamkia Idi, sasa litakaa kwenye enga likisubiri mteja wa bahati, au liuzwe kwa bei ya kununulia. Na fedha za kununua mzigo mwingine hazipo, kwa sababu zote ziko kwenye enga hizo.

Wasomaji wengi wataitambua habari hii, hata kama kwao haikuwa Idi. Kwa mwingine ilikuwa sare na madaftari ya Januari yaliyofika shule zimekwisha kufunguliwa. Kwa mwingine ilikuwa kipuri cha mashine ya kusaga kilichochelewa wiki mbili huku mashine imesimama na wateja wamehamia kwa jirani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Anayelipa kampuni ya vifurushi hanunui usafiri peke yake, ananunua muda. Usafiri wa bei nafuu upo. Angeweza kuusubirishia mzigo lori la mizigo mchanganyiko, akalipa kidogo na kukubali ufike utakapofika. Amelipa zaidi kwa sababu ameahidiwa siku. Basi siku hiyo ni sehemu ya bidhaa aliyouziwa, na isipopatikana, ameuziwa bidhaa pungufu. Muuza sukari akipunja gramu 200 kwenye kilo, watu wa vipimo watamfuata. Aliyepunja siku 10 kwenye safari ya siku 2 anaendelea kukata risiti.

Biashara hii ilizaliwa kwa sababu ya muda. Kampuni ya DHL ilipoanzishwa Marekani mwaka 1969, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba hati za mizigo ya meli kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu, ili ushuru na kibali vishughulikiwe kabla meli haijafika. Waanzilishi wake waliona kwamba mfanyabiashara yuko tayari kulipia siku ambazo meli ingekaa bure bandarini. Federal Express, iliyoanza kurusha ndege zake kutoka Memphis mwaka 1973, ilijenga jina lake juu ya ahadi ya kufikisha kifurushi usiku mmoja, na baadaye ahadi ya kumrudishia mteja fedha zake kikichelewa. Kwa miaka mingi kampuni hizo ziliibeba ahadi hiyo kama sehemu ya bei. Huku kwetu tumechukua gari, sare na risiti yenye nembo, tukaiacha ahadi.

Tufanye hesabu ndogo, kwani ukurasa huu ni wa hesabu. Mfanyabiashara ana mtaji wa Sh. 3,000,000. Akinunua, akasafirisha, akauza na kurudi sokoni ndani ya siku 30, mtaji wake unazunguka mara 12 kwa mwaka. Kila mzunguko ukimpa faida ya Sh. 300,000, kwa mwaka anapata Sh. 3,600,000. Sasa ongeza siku 10 tu za mzigo kulala njiani. Mzunguko unakuwa wa siku 40, mtaji unazunguka mara 9, na faida ya mwaka inashuka hadi Sh. 2,700,000. Zimeondoka Sh. 900,000, yaani robo nzima ya faida, na hakuna bei iliyoshuka wala mwizi aliyeingia dukani. Nauli ya mizigo kwa safari hizo 9, kwa Sh. 40,000 kila moja, ni Sh. 360,000. Kwa hiyo ucheleweshaji unamgharimu mara mbili na nusu ya nauli yenyewe. Na kama mtaji huo ni wa mkopo, marejesho hayasubiri mzigo ufike.

Hasara hiyo haionekani kwa sababu haiandikwi popote. Mwenye duka anaona tu kwamba mwaka umekwisha na duka halijakua, akadhani ni hali ngumu ya biashara.

Mizigo huchelewa wapi? Barabara husingiziwa mno. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560, na basi linaloondoka alfajiri hufika siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2024 abiria wa treni ya umeme anafika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne, lakini yapo maboksi ya Dodoma yanayochukua siku tatu. Ni wazi kwamba siku nyingi zinapotea wakati mzigo umesimama, si wakati unatembea.

Unasimama kwanza kwa wakala, anayesubiri mizigo ya upande mmoja iwe mingi ndipo aipeleke ghala kuu. Unasimama ghalani, ambako mzigo ulioandikwa vibaya unawekwa pembeni mpaka mwenyewe aulizie. Unasimama kituoni kipindi cha sikukuu, kwa sababu abiria ni wengi, buti limejaa mabegi yao, na mzigo usio na mwenyewe pale ndio unaoshushwa. Mwisho unasimama kaunta ya mkoani, umefika lakini hakuna aliyempigia simu mwenye mali. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba namba. Hata hivyo bado tunajaza fomu zinazotosheka na jina moja, namba ya simu na maneno "karibu na msikiti".

Tukubali kwamba yapo mambo yasiyo na wa kulaumiwa. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini eneo la Somanga wilayani Kilwa, hakuna mfanyabiashara mwenye akili aliyemlaumu karani. Mteja anajua tofauti ya barabara iliyokatika na mzigo uliosahauliwa chini ya meza. Anachodai ni kuambiwa ukweli mapema. Mwenye duka akiambiwa siku ya pili kwamba mzigo hautaondoka, anaweza kumtuma kijana akauchukue, au kuagiza kidogo kwa jirani wakati wateja bado wapo. Akiambiwa "uko njiani" siku saba mfululizo, amenyimwa hata nafasi ya kujiokoa. Neno hilo dogo limewatia watu hasara kubwa kuliko mashimo ya barabarani.

Vilevile sisi wafanyabiashara tuna makosa yetu. Wengi tunaandika thamani ya uongo ili nauli ipungue. Mzigo wa Sh. 3,000,000 unaandikwa "nguo, Sh. 200,000", halafu ukipotea tunataka tulipwe kamili. Tunafunga kwa kamba moja na kuandika kwa kalamu inayofutika. Wengine hatutaki hata kampuni, tunampa kondakta mzigo na hela mkononi bila karatasi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayesafirisha vifurushi vya watu kibiashara awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mzigo uliopewa kondakta ukichelewa, huna risiti, huna ofisi, na huna pa kupeleka malalamiko.

Lakini hata mwenye risiti mara nyingi hana kitu. Mwandishi wa makala hii aligeuza risiti yake moja na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Yalisema kwamba kampuni haitahusika na hasara yoyote itokanayo na kuchelewa kwa mzigo. Mbele ya risiti hiyo hiyo palikuwa na neno "haraka" kwa herufi kubwa.

Wenye kampuni husema kwamba kulipia ucheleweshaji ni jambo lisilowezekana katika biashara ya mizigo. Si kweli. Wanaoleta mali kwa ndege kutoka Guangzhou au Dubai wanalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia. Mkataba huo unamfanya msafirishaji wa anga awajibike kwa hasara ya kuchelewa kwa mizigo, isipokuwa akithibitisha kwamba alichukua hatua zote za kuizuia. Malipo yana kikomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 26 vya fedha za hesabu za Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kilo. Malalamiko ya kuchelewa yanatakiwa yaandikwe ndani ya siku 21 tangu mwenye mali akabidhiwe mzigo. Mashirika ya ndege hayajafilisika kwa sababu ya kanuni hiyo. Iweje basi mzigo uvuke bahari ukiwa na ulinzi, kisha uupoteze ulinzi huo unapotoka Kariakoo kwenda Mtwara?

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mtaji mkubwa.

Kwanza, risiti iandike tarehe ya kufika, si tarehe ya kupokelewa peke yake. Ahadi ya mdomo haina mahali pa kudaiwa.

Pili, kampuni irudishe nauli kwa ngazi: ikichelewa siku moja, nusu; ikichelewa siku mbili au zaidi, nauli yote. Hatudai ilipe Idi ya mtu iliyopotea. Tunadai isibaki na fedha za huduma ambayo haikuitoa. Siku kampuni itakapoona nauli inarudi kwa mteja, ghala litachambuliwa usiku huo huo.

Tatu, kila mzigo uwe na mtu mmoja anayejibu. Jina lake na simu yake viwe kwenye risiti, na yeye ndiye ampigie mteja mzigo unapokwama. Mchezo wa "uliza Dar", "uliza Mtwara" uishe.

Nne, wafanyabiashara tuungane. Mtu mmoja mwenye boksi moja hana sauti. Wenye maduka 20 wa mtaa mmoja wanaotuma kila wiki wana sauti kubwa, kwa kuwa kampuni za vifurushi zinashindana kila kona. Waende kwa pamoja, wadai mkataba wenye tarehe, na mizigo mikubwa walipe nusu wakati wa kutuma na nusu inapofika. Kampuni itakayokataa, ipo ya pili itakayokubali. Na malalamiko yasiyosikilizwa na kampuni yenye leseni yapelekwe TCRA kwa maandishi, pamoja na nakala ya risiti. Kulalamika kwenye kiti cha kinyozi hakujawahi kuharakisha boksi.

Kwa wenye fedha kidogo wanaotaka kuingia ubia na duka la mikoani, neno letu ni fupi. Usiulize faida ya kila mzigo peke yake. Uliza pia mzigo unachukua siku ngapi tangu fedha zilipotoka Kariakoo hadi bidhaa zilipopangwa dukani, na uombe kuona risiti tatu za mwisho. Duka lenye faida ndogo na mzigo wa siku 2 linaweza kulishinda duka lenye faida nono na mzigo wa siku 12.

Ramadhani nyingine itakuja, na yule mama wa Mtwara atakuja tena Kariakoo. Kabla hajatoa Sh. 40,000 zake, ageuze risiti na kusoma nyuma. Kama tarehe ya kufika haipo, aivuke barabara akaulize kampuni ya upande wa pili.