Kazi ya mshauri wa maridhiano Busia isiwe zawadi ya kampeni

Ukiwa kijana wa Busia au Malaba, nafikiri najua unavyosoma matangazo ya kazi ya kaunti. Unashuka moja kwa moja hadi chini: karani, dereva, mkusanyaji ushuru sokoni. Zile za juu, zenye maneno kama "mshauri mkuu" na "sera", unaziruka kwa sababu unaamini zina wenyewe tayari. Basi leo nakuomba tukae kidogo na moja ya hizo za juu. Kaunti ya Busia inahitaji mshauri mkuu wa sera za maridhiano na jamii ndogo, aajiriwe kwa ushindani, na wewe ndiye unayefaa kuipigia kelele kazi hiyo kabla wanasiasa hawajaigawana.

Kule Kanada kazi ya aina hii si ajabu tena. Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na mwito wa 57 unataka watumishi wa umma wafundishwe historia ya jamii asilia, yaani mtu asikae ofisini kuwahudumia watu ambao hajui walitendewa nini. Sisi pia tulikuwa na tume yetu, TJRC, iliyoundwa kwa sheria ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na ndani yake jamii zilizotengwa zina sehemu yao. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha Bungeni na kuahidi hazina ya Sh10 bilioni. Ripoti ingali inakula vumbi.

Sasa utauliza, maridhiano Busia ya nini? Hakukuwa na vita hapa. Ni kweli, lakini kuna kidonda cha zamani, na kinahusu jambo lile lile tunaloliongelea: nani anaketi ofisini.

Wakoloni walipokuja huku walimtegemea Mumia wa Wanga, wakamfanya chifu mkuu mwaka 1909, na watu wake wakatumwa kutawala jamii za jirani. Wateso walijikuta chini ya machifu na mawakala wasiojua lugha yao. Kiteso ni ndugu wa Kiturkana, si wa Kiluhya. Ebu fikiria umefika barazani kulalamikia shamba na anayesikiliza hasikii neno hata moja. Wateso walidai machifu wao wenyewe. Miaka ya 1990 wakapata Wilaya ya Teso, iliyomegwa kutoka Busia. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, Teso Kaskazini na Teso Kusini zikarudi chini ya Busia pamoja na Nambale, Matayos, Butula, Funyula na Budalangi. Makao makuu yakawa mjini Busia. Kwa mtu wa Malaba, ofisi iliyokuwa imesogea karibu ikarudi mbali.

Halafu kuna lile neno ambalo wewe mwenyewe umelisikia stendi, sokoni au kwenye mkutano wa siasa: "Hao ni Waganda, warudi kwao." Ukweli usemwe, anayesema hivyo hajui historia. Kabla ya 1902 mpaka wa Uganda ulifika hadi karibu na Naivasha. Busia yote ilikuwa Uganda, na Kisumu pia. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia kwenye eneo lililokuja kuwa Kenya, na hakuna aliyeulizwa. Kwa hiyo kama babu wa Mteso wa Amukura alikuwa Mganda, babu wa anayemtukana naye alikuwa Mganda.

Na mbona Wasamia hawapewi matusi hayo kwa kiwango hicho? Moody Awori, mtu wa Funyula, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ndugu yake wa damu, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Ndugu wawili wa nyumba moja, mataifa mawili, na sisi tunaisimulia kwa fahari tukinywa chai. Mteso mwenye shangazi Tororo naye anaitwa mgeni. Hapo ndipo ujue kwamba tatizo si mpaka.

Neno hilo lina gharama. Bila kitambulisho huwezi kuomba kazi ya kaunti, huwezi hata kusajili laini ya simu. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Kaskazini walisherehekea, na walikuwa na haki. Lakini Busia pia ni mpakani. Ni nani katika serikali ya kaunti ambaye kazi yake ni kufuatilia kama tangazo hilo limefika Malaba, au kama kijana mwenye jina la Kiteso bado anaambiwa alete karatasi za babu? Usinitajie mwakilishi wadi. Huyo ana barabara na basari. Namaanisha mtu ambaye asipofuatilia hilo hajafanya kazi aliyolipwa kufanya.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye utamu na uchungu. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa zaidi katika kaunti. Soma tena: ngazi ya kuingilia. Sheria inakufungulia geti, inakupa ufagio, daftari la risiti au usukani. Kuhusu meza ambapo bajeti inapangwa, kifungu hicho kimenyamaza. Kaunti inaweza kutimiza asilimia 30 kwa wasafishaji na makarani, ikajipigia makofi, huku wakurugenzi wote wakisalimiana kwa lugha moja asubuhi. Na hata hicho kidogo kaunti nyingi hazikukitimiza. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipokagua ajira za kaunti mwaka 2016 ilipata kaunti 15 pekee kati ya 47 zilizofikisha kiwango hicho.

Ipo pia sheria ya 2008 inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Kwenye kaunti ambayo wakazi wengi ni wa jamii moja kila afisa anakuambia hesabu hiyo haiwezekani, kisha hajisumbui tena.

Lakini Busia ina fumbo lake. Jamii kubwa ni ipi? Ukiwahesabu Waluhya wote kama kitu kimoja, jibu ni rahisi, na Wateso na Wajaluo wako upande wa ile asilimia 30. Ukiwahesabu Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wanyala kando kando, kifungu cha 65 kinapoteza meno. Na usidhani hilo ni swali la Wateso peke yao. Mnyala wa Budalangi, ambako Mto Nzoia ukifurika watu hubeba magodoro na kuhamia kambini, anaweza kukuambia kuwa kuhesabiwa Mluhya hakujawahi kumletea chochote. Nani ameamua tunahesabu vipi? Hilo ni swali la sera, linataka mtu akae chini alifanyie kazi, aandike, atetee alichoandika mbele ya watu. Kwa sasa kila mtu anahesabu vile inavyompendeza wakati wa kampeni.

Najua utanijibu nini. "Si Wateso walikuwa na gavana miaka 9?" Ndiyo. Sospeter Ojaamong aliongoza kuanzia 2013 hadi 2022. Na Paul Otuoma, Msamia, aliingia 2022 na naibu kutoka Teso Kaskazini, Arthur Odera. Mpangilio huo wa kugawana viti ni bora kuliko kutogawana, siudharau. Lakini kama kabila la gavana ndilo sera, basi sera inaisha usiku wa kutangazwa matokeo, na kila baada ya miaka 5 upande mmoja unalala na hofu. Gavana Mteso hakukuhakikishia wewe wa Malaba lolote baada ya yeye kuondoka, vivyo hivyo gavana Msamia hatamwachia kijana wa Funyula kitu cha kudumu. Maandishi na utaratibu ndivyo hubaki.

Angalia Waogiek. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza msitu wa Mau. Ushindi mkubwa huo. Serikali ikaunda jopokazi la kutekeleza uamuzi, na ndani ya jopokazi hilo hakukuwa na Mwogiek. Juni 2022 mahakama ikarudi tena, ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya Sh157 milioni na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 watu walikuwa wakifukuzwa tena Mau. Unaweza kushinda kesi ukiwa nje, lakini utekelezaji hufanyika ndani ya ofisi, na kama huna mtu ndani anayejua faili iko kwenye kabati gani, ushindi unabaki kwenye magazeti.

Ndiyo maana nasema kazi hii itangazwe, na itangazwe vizuri. Magavana huwa na washauri wao wa siasa, wa uchumi, wa sheria, ambao mara nyingi ni marafiki wa kampeni wanaoingia na bosi na kutoka na bosi. Huyu wa maridhiano akiteuliwa hivyo tumekwisha. Tutapata mzee fulani aliyeshindwa kura, apewe gari, awe anatumwa mazishini kusema "serikali inawapenda". Aajiriwe na bodi, kwa mkataba unaovuka uchaguzi. Ajue angalau lugha mbili za kaunti vizuri, na iwe Kiteso kama si kimojawapo basi ajifunze. Kazi yake ya kwanza iwe kuchapisha orodha ya wafanyakazi wa kaunti kwa jamii na kwa ngazi, kutoka mlinzi hadi afisa mkuu. Ya pili iwe kupita kwenye ofisi za mpakani, Busia na Malaba, akauliza nani anarudishwa na kwa nini.

Na asiwe mshauri wa kupima nani alifika Busia kwanza. Hapo ndipo mfano wa Kanada unatuacha. Kule wazungu walikuja kwa meli na tarehe zinajulikana. Hapa kila jamii ilitembea kutoka mahali, na ukianza mashindano ya nani mwenyeji asilia utamaliza na panga mkononi. Tunachotafuta ni nani ameachwa nje ya huduma, basi.

Pesa? Kanuni za fedha za umma za 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kaunti nyingi zinalia hapo. Sawa. Sisemi kiti kiongezwe. Kipunguzwe kimoja cha mshauri wa siasa, kigeuzwe hiki. Sidhani mwananchi wa Adungosi ataona pengo.

Kuna mwenzangu aliniambia mambo haya ni ya watu wa semina, kwamba kijana wa Malaba anataka malori yasonge na boda ipate abiria. Namwelewa. Mji ule umejengwa juu ya msururu wa malori, mawakala wa forodha na wabadilishaji pesa wa kando ya barabara, na neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, na baiskeli za kuvusha watu. Lakini uliza msimamizi wa soko anatoka wapi, zabuni ya choo cha stendi imeenda kwa nani, leseni inatolewa siku gani na mjini upi. Utajikuta umerudi palepale kwenye swali la nani ameketi ofisini.

Kwa hiyo kabla hujaniambia haiwezekani, fanya jambo moja wiki hii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Andika barua kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Busia. Omba takwimu za wafanyakazi kwa jamii na kwa ngazi ya kazi. Omba pia ripoti yake ya mwaka kwa bunge la kaunti kuhusu jinsi maadili ya utumishi wa umma yanavyofuatwa, maana sheria inailazimu kuiandika. Nenda na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri na tarehe, uiweke nyumbani. Kama uko Malaba, changeni nauli mtume mmoja. Siku ya 22 tuambiane mmejibiwa nini.