Makaa Rahisi, Shimo la Nani?



Tumekuwa tukisikia hoja moja ikirudiwa: kwa kuwa nchi yetu ina makaa ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi, basi tuyachimbe kwa njia ya wazi, maana ndiyo njia rahisi. Nusu ya hoja hiyo tunaikubali. Nusu ya pili tunaikataa.

Tuanze na ukweli wake. Katika machimbo ya chini ya ardhi, kama yale ya Kiwira, sehemu ya makaa huachwa iwe nguzo za kushikilia mwamba, na wachimbaji hukabiliwa na hatari ya kufukiwa na ya gesi inayolipuka. Machimbo ya wazi, kama ya Ngaka wilayani Mbinga yaliyoanza kutoa makaa mwaka 2011, hayana paa la kuwaangukia watu. Makaa hupatikana kwa wingi zaidi, tena kwa gharama ndogo. Kuokoa maisha ya mchimbaji si jambo dogo, wala hatulibezi.

Lakini gharama ndogo kwa nani? Ili kuyafikia makaa hayo huondolewa miti, kisha udongo wenye rutuba, kisha mwamba. Vumbi huangukia mashamba ya jirani. Mvua ikinyesha juu ya kifusi chenye salfa, maji yaweza kugeuka tindikali na kuteremkia mitoni. Hayo hayaandikwi katika bei ya tani.

Sisi wa Benaco tunalijua somo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja. Walihitaji kuni, nasi hatuwalaumu, kwani walikuwa wakiokoa roho zao. Hata hivyo, waliporudishwa kwao Desemba 1996, vilima vilivyokuwa na miti vilibaki uchi. Moto aliuota mgeni. Majivu akaachiwa mwenyeji. Ikiwa mkimbizi asiye na kitu aliacha jeraha, mwekezaji mwenye mitambo na faida ana udhuru gani?

Msimamo wetu ni huu: udongo wa juu utunzwe kando, shimo lifukiwe kadiri uchimbaji unavyosonga mbele, na fedha za kuirudisha ardhi ziwekwe kabla tingatinga la kwanza halijawashwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inaitambua dhamana ya namna hiyo. Basi idaiwe bila kuoneana haya. Asiyeweza kuiweka hana uwezo wa kuchimba. Akiba haiozi, ahadi huoza.