Kabla ya kununua mbwa kali kwa kulinda depo



Kila mara mavuno yanapokaribia na depo zinaanza kujaa, swali moja linatufikia sisi maagronomi tunaopita vijijini: «Tununue imbwa ya bazungu, ile ya kali, bezi baogope?» Wanataja Berger allemand, Rottweiler, Malinois, na siku hizi hata pitbull, ambaye wamemuona kwenye telefone. Kuko komite ambazo zimekwisha kuweka franga pembeni kwa kazi hiyo.

Jibu letu ni hapana. Tunajua wizi wa mahindi na maharagi si jambo dogo. Mkulima amelima miezi mine, halafu mtu mmoja anabeba magunia yake usiku mmoja. Hata hivyo tunasema hapana, kwa sababu mnataka kununua jina, na jina halilindi depo.

Tuangalie kwanza majina hayo yanatoka wapi. Berger allemand alikuwa mbwa wa wachungaji wa kondoo kule Ujerumani. Malinois vilevile alichunga kondoo, naye anaitwa hivyo juu ya mji wa Malines kule Ubelgiji. Rottweiler anatoka mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako alikuwa anasukuma ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Kwa hiyo watatu kati ya hao wanne walikuwa watumishi wa wafugaji, watu sawa ninyi. Pitbull peke yake njo ana historia nyingine: wazazi wake ni mbwa wa Uingereza waliofundishwa kupigana na ng'ombe dume, na nyuma yake kupigana wao kwa wao, watu wakicheza pari. Lakini hata yeye, watu njo walimfundisha.

Kuko wanaosema: «Lakini aina fulani ni hatari kweli.» Hapo kuna ukweli, na hatutaki kuuficha. Mbwa wa kilo 45 akiuma, jeraha lake si sawa na la mbwa wa kijiji wa kilo 12. Njo maana nchi nyingine zimeweka sheria. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1999, mwenye Rottweiler lazima amfunge mdomo na kamba anapotoka naye barabarani. Uingereza ilikataza aina nne za mbwa mwaka 1991, pitbull akiwa mmoja wao. Zaidi ya miaka 30 nyuma yake, watu walikuwa bado wanaumwa, na serikali ikaongeza aina ya tano, XL Bully: kule Uingereza, tangu Februari 2024, ni kosa kuwa naye bila hati ya ruhusa. Italia ilikamata njia nyingine. Mwaka 2009 ilifuta orodha yake ya aina za mbwa hatari, ikaweka mzigo juu ya mwenye mbwa, awe na mbwa mkubwa ao mdogo.

Sisi tunasimama upande wa Italia. Aina ya mbwa inakuambia ukubwa wa meno na nguvu ya taya. Haikuambii nani ataumwa, wala siku gani. Hilo linatoka kwa mwenyewe. Wazee wanasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Basi tuangalie namna mbwa wa kulinda wanavyofugwa kwetu huku. Anafungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi mpaka jioni. Anakula siku moja, siku mbili hapana. Watoto wanaotoka masomo wanamrushia mawe, na hakuna mkubwa anayewakataza. Wengine wanamlisha pilipili wakifikiri ukali utaingia. Pilipili inamletea maumivu tu, na mnyama mwenye maumivu anauma yeyote anayesogea. Mbwa huyo hajui kulinda, anajua kuogopa. Siku mnyororo unakatika, hatamtafuta mwizi. Atamkamata mtu wa kwanza anayepita.

Na nani anapita kwenye depo ya koperative? Fikirini vizuri. Nyumba ya tajiri mjini ina ukuta na mlango wa chuma, na watu wanaoingia mle mbwa anawajua. Depo ni mahali pa watu wote. Memba mia moja wanakuja kupima magunia. Wamama wanafika alfajiri na mtoto mgongoni. Madereva na wanunuzi wanatoka mbali. Mbwa aliyefundishwa kuchukia kila mgeni hana nafasi pale. Tena huyo wa kilo 45 anataka chakula kila siku, hata miezi depo iko tupu. Mtamlisha nini mwezi wa njaa, wakati watoto wenyewe wanapunguziwa?

Kuna jambo lingine, na kwetu sisi njo kubwa kupita yote. Mbwa anayeua watu wengi hana aina. Ni mbwa yeyote aliyeshikwa na kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wanaita raje. OMS, Shirika la Afya Duniani, linahesabu karibu watu 59 000 wanaokufa nao kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Azia. Karibu wote walipata ugonjwa kwa kuumwa na mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa inayomponyesha. Mbwa mpole wa jirani, yule watoto wanamshika mkia, akishaambukizwa anakuwa hatari kupita Rottweiler mwenye afya.

Njo maana tunaomba franga ile iliyowekwa kwa kununua mbwa wa jina ibadilishe njia. Ilipe kwanza chanjo ya mbwa walioko. Mbwa anaweza kupata sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, ao kama veterineri atakavyosema. Kama mbwa 70 juu ya 100 wamechanjwa katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mkulima mmoja hawezi kufikia hapo peke yake, lakini koperative inaweza: inaandika mbwa wa memba wote katika daftari, inachagua siku moja, inaita veterineri, na kila mtu analeta mbwa wake na kamba.

Tena kila memba ajue la kufanya mtu akiumwa. Osheni jeraha na maji mengi na sabuni dakika 15 nzima. Msiweke majani, wala pilipili, wala unga wa jiwe la radio. Halafu mtu aende kituo cha afya siku ileile wamwangalie kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Mbwa, kama anaweza kufungwa bila hatari, msimuue papo hapo: veterineri amwangalie siku 10. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe.

Na wizi je? Depo inataka mlango mzuri, kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, taa, na sentineli anayelipwa kwa wakati. Mkitaka mbwa, kamateni mtoto wa mbwa wa kijiji, azoee watu tangu miezi yake ya kwanza, ale kila siku, na muchana asifungwe juani. Usiku, memba wamekwisha kwenda, aachiliwe ndani ya parseli iliyofungwa. Kazi yake ni kubweka ili sentineli aamuke. Kazi ya kukamata mwizi ni ya watu. Na msimdharau kwa sababu hana jina la kigeni. Mbwa wa Congo anayeitwa Basenji, wageni walimkamata katika misitu yetu, na leo anafugwa kwa heshima Ulaya na Marekani. Sote tunajua neno hilo, tunalitumia kutukana watu. Kule limekuwa jina la sifa.

Tunaomba komite ziweke jambo hili katika mkutano mkuu ujao, pamoja na sheria moja ya wazi: mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa njo atalipa matunzo, na kama ni mbwa wa depo, koperative itamlipia. Siku memba watakapojua kwamba meno ya mbwa yanaweza kutoa franga katika mifuko yao, ufugaji utabadilika haraka kupita maneno yetu yote.