Tegu la Songwe na Sisi wa Visiwani

Wako miongoni mwetu wanaosikia khabari ya tegu la Mkoa wa Songwe wakacheka, wakasema: "Hayo ni ya wala nguruwe, sisi yatuhusu nini?" Tumeyasikia maneno hayo barazani na dukani, nasi twaona ni wajibu kuyajibu, kwani ni maneno ya khatari.

Songwe ni mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao yake ni Vwawa, wilayani Mbozi, nchi ya kahawa na mahindi. Na mpakani na Zambia ndipo ulipo mji wa Tunduma, kwenye foleni za malori. Wakulima wa huko hufuga ng'ombe, na wengi hufuga nguruwe. Wataalamu waliwapima watu 830 wa vijiji vya Mbozi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watu 43 walionekana wana tegu tumboni, na watu 139 damu zao zilionyesha kuwa wana vilengelenge vya tegu mwilini. Ni kiasi cha mtu mmoja katika kila sita!

Mategu haya ni mawili. La ng'ombe mtu hulipata kwa kula nyama isiyoiva. Hukaa matumboni likarefuka mita kadhaa, na vipande vyake vyenye mayai vikatoka pamoja na choo. Mayai yakianguka malishoni, ng'ombe huyala na majani, na katika nyama yake, khasa mataya, ulimi na moyo, hutokea vilengelenge vidogo vinavyomngoja mlaji. Hapa nguruwe hahitajiwi. Yatosha mtu mmoja asiye na choo na mshikaki mbichi katikati.

La nguruwe lina mwendo huo huo, ila limezidi kwa uovu. Mayai yake yakiingia kinywani mwa binadamu, vilengelenge huota ndani ya mwili wake yeye, hata machoni, hata ubongoni, akawa anaanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi nyingi lilimoenea, tegu hili ndilo sababu ya kiasi cha asilimia 30 ya kifafa. Na mayai hayo hayamo katika nyama hata mtu aseme amejiepusha nayo. Hutoka kwa mtu mwenye tegu, yakapita katika mkono usiooshwa, katika mboga na katika maji. Mjini New York, mwaka 1990 na 1991, watu wanne wa jamii ya Mayahudi washikao dini, ambao nguruwe kwao ni haramu kama kwetu, walikutwa na vilengelenge hivyo ubongoni. Walioshukiwa kuleta mayai ni watumishi wa majumbani waliotoka nchi zenye maradhi hayo.

Chuoni tulisomeshwa mlango wa tohara kabla ya mlango wa sala, tukakatazwa kwenda haja njiani, penye kivuli cha watu na penye maji. Tulidhani ni adabu tu. Kumbe ndiyo ngome yenyewe.

Amma kifafa, huku kwetu husemwa ni pepo, na bara husemwa ni kurogwa. Hatukatazi dua wala kombe. Twasema mtoto aangukaye motoni apelekwe na hospitali pia, wala asifichwe chumba cha ndani.

Wako wakubwa wanaowalaumu wakulima wa Songwe kwa uchafu na ujinga. Hatukubaliani nao. Nguruwe wa mkulima maskini ndiye akiba yake ya karo na ya matibabu. Mnunuzi humfunua kinywa akautazama ulimi, na akiona vilengelenge humkataa au huivunja bei. Sisi tulio katika biashara twajua ilivyo: mali iliyokataliwa mchana hupata mnunuzi usiku, wala haimfikii mkaguzi. Serikali ikitupa nyama yote ya mtu pasi na kumfidia hata senti, imemfundisha kuificha.

Dawa ipo. Prazikwanteli, ile ile wanayomezeshwa watoto wa Unguja na Pemba kwa kichocho, hulitoa tegu la tumboni. Walakini mwenye kifafa asijimezee mwenyewe, kwani vilengelenge vilivyomo ubongoni vikiguswa na dawa hiyo vyaweza kumzidishia. Hiyo ni kazi ya daktari. Na dawa bila choo ni kuteka maji kwa pakacha.

Afya si jambo la Muungano, wala mifugo. Bara wana wizara zao na Zanzibar ina zake, na kila mmoja aweza kumwambia mwenziwe "si kazi yangu". Lakini ng'ombe wa bara hushushwa kwetu, watu huenda na kurudi, na tegu halina pasipoti.

Basi twawataka wawakilishi wetu waulize Barazani. Je, kila ng'ombe achinjwaye Unguja na Pemba hupasuliwa mataya, ulimi na moyo na mkaguzi kabla ya kupigwa mhuri? Wakaguzi ni wangapi, na shamba wanafika? Nyama iliyokataliwa huenda wapi, na mwenyewe hupewa nini? Skuli ngapi hazina vyoo vyenye maji? Na katibu wa kila tawi atuandikie jina la kila mahali panapochinjwa pasi na mkaguzi, nasi tutayachapa humu.