Kabla ya Kushika Mtaimbo

Katika mitaa ya kale ya Lamu na Mombasa, haupiti muda mrefu bila kusikia kwamba jamaa fulani wajitayarisha kuibomoa nyumba ya babu yao, wajenge ghorofa ya saruji mahali pake. Hatuwalaumu. Dari yavuja, boriti zimeoza, na watoto wameongezeka. Nyumba ni ya kukaliwa na watu, si ya kutazamwa na wageni tu. Lakini kuna mambo ya kupimwa kabla ya kushika mtaimbo.

Kwanza, nyumba ni ya nani? Nyingi ni mirathi isiyogawanywa. Anayekaa ndani huenda asiwe mwenyewe peke yake. Shangazi aliyeolewa mbali, ndugu aliyeko Arabuni na mayatima wa marehemu kaka, kila mmoja aweza kuwa na fungu lake, na mafungu hayo yamekadiriwa katika Sura ya Nisaa. Kubomoa bila ya idhini ya warithi ni kudhulumu. Na ikiwa nyumba ni wakfu, haiuzwi wala hairithiwi. Mlango wa Kadhi u wazi. Ni heri kuubisha mapema kuliko kwenda na ugomvi mkononi.

Pili, jirani. Nyumba zetu zimeegemeana, na huko Lamu nyingine zimeungana kwa wikio juu ya njia. Ukuta wa mawe na chokaa, wenye unene wa yapata nusu mita, hauangushwi bila ya kumtikisa wa pili. Tena wazee walielekeza vyumba kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, ili watu wa nyumbani wapate stara. Ghorofa ndefu yenye madirisha manne upande wa jirani yamvulia nguo asiye na kosa.

Tatu, ugonjwa wa nyumba ni upi? Mara nyingi ukuta ni mzima. Kilichooza ni boriti, na boriti hubadilishwa moja moja. Wengi huharakisha maradhi kwa kupiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Saruji haipumui, unyevu hukwama ndani na kuula ukuta. Mwite kwanza mwashi aijuaye chokaa, kisha ndipo umwite mwenye ramani mpya.

Mji wa kale wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na sheria ya turathi ya mwaka 2006 yalinda majengo kama haya. Ni vyema. Lakini Serikali isiwe yenye kukataza tu. Mjane asiye na fedha ya boriti hawezi kuilinda historia ya taifa kwa mfuko wake mtupu. Asaidiwe.

Na ikiwa hapana budi kubomoa, basi mlango wa nakshi uvuliwe kwa uangalifu, urudishwe katika nyumba mpya. Ukishauzwa kwa mchuuzi, hauonekani tena. Usiache mbachao kwa msala upitao.